Huria si Bure: Nani Analipia Jarida la Kitaaluma?

Barua nne zilizochaguliwa mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini ukizisoma pamoja utaona kwamba zote zinauliza kuhusu ankara ileile, kila mmoja akiwa ameishika kwa upande wake: mkutubi, mtafiti, msomaji na mhariri. Nimezifupisha kidogo na kuondoa majina ya vyuo na ya majarida yaliyolalamikiwa.

SWALI: Shikamoo, Mzee. Ninashughulikia majarida ya kielektroniki katika maktaba ya chuo kikuu kimoja mkoani Morogoro. Katika kikao cha bajeti, mkurugenzi wa fedha aliniuliza hivi: ikiwa majarida mengi sasa yanasomwa bure mtandaoni, kwa nini maktaba inaendelea kuomba fedha za usajili kila mwaka? Nilibabaika. Nimjibu nini mwaka ujao? – Mkutubi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijilaumu kwa kubabaika, maana swali hilo linaonekana jepesi kwa sababu tu neno "huria" limezoeleka kutumiwa kana kwamba ni sawa na "bure". Tamko la Budapest la mwaka 2002, ambalo ndilo lililolipa wazo la ufikiaji huria jina na maana yake, lilizungumzia haki ya msomaji kusoma, kupakua na kusambaza makala bila kizuizi cha fedha. Halikusema kwamba kutayarisha makala hakugharimu kitu. Gharama ipo, na historia ya miaka ishirini na ushee iliyofuata ni historia ya kusukumiana gharama hiyo.

Mweleze kwanza mkurugenzi wako jinsi soko la zamani lilivyokuwa, kwa kuwa halifanani na soko lolote analolijua. Mwandishi wa makala halipwi na jarida. Wahakiki wanaoipima makala hiyo kwa kawaida hawalipwi. Wote wawili mishahara yao inatoka vyuoni au serikalini, halafu mchapishaji anakiuzia chuo kilekile kazi iliyofanywa na watumishi wake. Zaidi ya hapo, jarida moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine. Mnunuzi akiona mchele wa Kyela umepanda bei, atachukua wa Shinyanga na watoto watashiba; lakini mtafiti anayehitaji makala fulani kuhusu ugonjwa wa muhogo hawezi kuambiwa asome nyingine iliyo nafuu kuhusu jambo jingine. Tena anayeidai makala siye anayeilipia. Katika soko la namna hiyo muuzaji ana nguvu ya kupanga bei, na wauzaji wakubwa hawakuona haya kuitumia. Kitengo cha sayansi na tiba cha kampuni ya RELX, ambacho ndicho chenye jina la Elsevier, kiliingiza zaidi ya pauni bilioni 3 mwaka 2023 na kubakiwa na faida ya uendeshaji ya takriban asilimia 38. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wangefurahi kupata nusu ya kiwango hicho.

Hata matajiri walilia. Mwezi Aprili 2012 baraza la ushauri la wanataaluma wa chuo kikuu cha Harvard liliwaandikia wahadhiri wote kwamba majarida ya wachapishaji wakubwa yanaigharimu maktaba yao karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, kwamba yapo majarida yanayofikia dola 40,000 kwa mwaka kila moja, na kwamba bei za wachapishaji wawili zilikuwa zimepanda kwa asilimia 145 hivi katika miaka sita. Mtindo wa kuuza majarida kwa kifurushi, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, ulizidi kuwafunga wakutubi: unalipia mamia ya majarida kwa mkupuo ili upate yale machache ambayo wasomaji wako wanayagombania.

Ufikiaji huria ulikuja kama dawa, na dawa yenyewe ikapikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni taasisi kulipia jarida lenyewe, ili mwandishi asilipe wala msomaji asilipe. Nitairudia chini kwenye barua ya Dodoma. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoteka soko, ni kumtoza mwandishi ada ya uchapishaji kwa kila makala. Kampuni ya BioMed Central ya London ndiyo iliyoivumisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shirika la uchapishaji la PLOS la Marekani lilipoanza jarida lake la kwanza mwaka 2003 lilitoza dola 1,500. Wakati ule tuliona ni nyingi. Mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala moja iliyo huria.

Hapo katikati pakazuka majarida mseto, yale yanayoendelea kuuzwa kwa usajili huku yakimtoza mwandishi anayetaka makala yake ifunguliwe. Maktaba inalipa kusoma jarida zima, mtafiti wa chuo hichohicho analipa kufungua makala moja ndani yake, na fedha zote mbili zinaingia mfuko mmoja. Ili kuzuia malipo hayo maradufu, nchi na vyuo vyenye nguvu vilianza kudai mkataba mmoja wa kusoma na kuchapisha. Ujerumani, kupitia Projekt DEAL, muungano wa majadiliano wa vyuo na taasisi zake za utafiti, ilikubaliana na mchapishaji Wiley mwaka 2019 kwa euro 2,750 kwa kila makala ya mseto. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na Elsevier mwezi Februari 2019, kikakaa miaka miwili bila mkataba, na kurudi mwaka 2021 kwa mpango ambao maktaba ilitoa dola 1,000 za kwanza za kila makala na mtafiti mwenye ruzuku alilipa zinazobaki.

Ninaitaja California kwa sababu nyingine. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionyesha hesabu ambayo kila mkutubi anapaswa kuijua: kama kila makala ingelipiwa na mwandishi, vyuo vinavyochapisha sana vingelipa zaidi ya vilivyokuwa vinalipa kwa usajili, na bajeti ya maktaba peke yake isingetosha, ilhali vyuo ambavyo kazi yake kubwa ni kufundisha vingepunguziwa mzigo. Mzigo unamfuata anayeandika. Kwa nchi zetu maana yake ni kubwa. Tatizo la kusoma, kwa miaka ishirini, tulikuwa tumelipunguza kwa njia zinazoeleweka: programu za Research4Life, zilizoanza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, zinazipa taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei ndogo, na muungano wetu wa maktaba, COTUL, hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama, kama wafanyavyo KLISC wa Kenya na CUUL wa Uganda. Fedha unazoziomba wewe kila mwaka ni mchango katika muungano huo, na ni ndogo mno ukilinganisha na bei iliyoandikwa kwenye orodha ya mchapishaji. Ukizifuta hutaokoa kitu kikubwa, na utapoteza kiti chako kwenye meza ya majadiliano.

Kwa hiyo mwakani usiende kikaoni na orodha ya usajili pekee. Nenda pia na takwimu ambayo nina hakika mkurugenzi hajawahi kuiona, yaani jumla ya ada za uchapishaji zilizolipwa na chuo katika mwaka uliopita. Haipo maktaba. Imetawanyika katika akaunti za miradi, katika vifungu vya "huduma za kitaaluma", na nyingine imetoka mifukoni mwa wahadhiri. Chukua orodha ya makala za chuo chenu, tazama zile ambazo mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake, ni wenu, kisha angalia ada ya kila jarida. Tuseme mmepata makala 60 kwa wastani wa dola 1,500: hizo ni dola 90,000, na kwa kukadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 225 ambazo hazikupitia kikao chochote. Mkurugenzi wa fedha akishaiona namba ya namna hiyo, atakuuliza maswali mazuri zaidi.

Na tafadhali, omba bajeti yako kwa dola na kwa tarehe. Katika utumishi wangu niliwahi kupitishiwa fedha kwa shilingi mwezi Julai, ankara ikaja Januari, shilingi ikiwa imeshuka na kodi ya zuio haijahesabiwa, na majarida manne yakakatwa kwa sababu hiyo tu.

SWALI: Mimi ni mhadhiri kijana wa afya ya jamii, Kisumu. Makala yangu imekubaliwa na jarida la Ulaya, na siku iliyofuata nimetumiwa ankara ya dola 2,900, ambazo ni zaidi ya shilingi 370,000 za Kenya. Maktaba inasema haina mfuko wa kazi hiyo. Je, si wajibu wa maktaba kuwalipia watafiti wake? – Mhadhiri, Kisumu

JIBU: Pole, ndugu, na hongera kwa makala kukubaliwa. Nitaanza na la haraka. Kabla ya kutafuta fedha, tazama jarida hilo ni la aina gani. Ikiwa ni mseto, basi una haki ya kuchapisha ndani yake bila kulipa chochote, kwa njia ya usajili. Ada ni ya kufungua makala, na kilichotumwa kwako huenda ni fomu uliyoijaza bila kuisoma hadi mwisho. Makala itafungwa kwa wasiojisajili, lakini wachapishaji wengi wanakuruhusu kuweka rasimu yako ya mwisho iliyokubaliwa, ile isiyo na mpangilio wa kurasa za jarida, katika hifadhi ya kidijitali ya chuo, ama mara moja au baada ya muda wa kusubiri ambao mara nyingi ni miezi 12. Masharti ya kila jarida utayapata katika huduma ya bure ya Jisc ya Uingereza iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sherpa Romeo. Mkutubi wako atakusaidia kwa furaha, kwa sababu kazi hiyo haimgharimu senti.

Ikiwa jarida ni huria moja kwa moja, omba msamaha wa ada leo hii, kabla hujajibu ankara. Kwa kweli ulipaswa kuuomba siku ulipowasilisha makala, na wachapishaji kadhaa hukataa kabisa ombi linalokuja baada ya makala kukubaliwa. Lakini kuuliza si kosa. Uwe tayari kwa jibu la nusu. Wachapishaji wanaofuata orodha ya Benki ya Dunia husamehe ada yote kwa nchi za kipato cha chini, na nchi za kipato cha kati cha chini huzipunguzia, mara nyingi kwa asilimia 50, pengine kwa sharti la ukubwa wa uchumi. Kenya imo katika kundi hilo la pili. Tanzania nayo iliingia Julai 2020, siku ambayo wanasiasa walishangilia na baadhi ya watafiti wakaanza kulipa. Wachapishaji wengine hufuata orodha ya Research4Life, ambayo huzitazama pia nchi zilizoorodheshwa na Umoja wa Mataifa kuwa na maendeleo duni zaidi. Kwa orodha hiyo Mtanzania na Mganda wanaweza kusamehewa yote mahali ambapo Mkenya atalipa. Vilevile, wengine humtazama mwandishi wa mawasiliano peke yake, na wengine hudai kila mwandishi atoke katika nchi inayostahili, hivyo jina moja la rafiki yako wa Geneva linaweza kuufuta msamaha wote.

Uulize pia maktaba kama KLISC, kupitia shirika la EIFL, ina makubaliano na mchapishaji huyo. EIFL imejadiliana na wachapishaji kadhaa ili waandishi wa nchi wanachama wachapishe bila ada au kwa punguzo, na inasikitisha kuona makubaliano hayo yakikaa bila kutumiwa kwa sababu tu mhadhiri na mkutubi hawasalimiani.

Sasa swali lako la msingi. Hapana, sidhani kwamba maktaba ina wajibu huo, na ningekuwa mkutubi wako nisingeanzisha mfuko wa kulipia makala moja moja. Mfuko kama huo huwafaidi wanaowahi mwanzoni mwa mwaka wa fedha, haumpunguzii mchapishaji hamu ya kupandisha bei, na ukiisha mwezi Machi hauachi chochote nyuma yake isipokuwa ugomvi. Ada ya uchapishaji ni gharama ya utafiti, na mahali pake ni kwenye bajeti ya mradi. Hata huko tahadhari, maana wafadhili wanabadilika: wakfu wa Gates, unaolipia sehemu kubwa ya utafiti wa afya katika ukanda wetu, uliacha kulipia ada hizo kuanzia Januari 2025, na badala yake unataka rasimu ya makala iwekwe wazi mtandaoni kabla ya uhakiki. Mtafiti anayetegemea fedha zao hana tena sababu ya kukimbilia jarida la dola 2,900 huku akijua kwamba kazi yake itasomwa tayari.

SWALI: Msimamizi wangu wa tasnifu ananiambia majarida yote ya bure mtandaoni ni ya matapeli. Ni kweli? – Mwanafunzi wa uzamili, Unguja

JIBU: Si kweli, ingawa hofu yake ina chanzo. Anayelipwa kwa kila makala anayoikubali ana kishawishi cha kukubali nyingi, na matapeli waliliona hilo mapema. Lakini kishawishi hakiwaachi wenye majina. Wiley iliinunua kampuni ya Hindawi mwaka 2021 kwa dola milioni 298. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za majarida yake zilikuwa zimefutwa kwa uhakiki wa kughushi, na mchapishaji akatangaza kuliacha jina lenyewe. Tafuta jarida katika DOAJ, orodha iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 2003, inayopima taratibu za jarida kabla ya kuliingiza. Mwambie pia msimamizi wako, kwa adabu, kwamba majarida mengi yaliyomo humo hayamtozi mwandishi hata shilingi, kwa hiyo hiyo hoja ya kununua nafasi haiyahusu.

SWALI: Ninahariri jarida la idara yetu, Dodoma, linalotoka mara mbili kwa mwaka, makala kama 20 kwa jumla. Tunataka kuliweka mtandaoni bila kumtoza msomaji. Mkuu wa idara anataka tumtoze mwandishi shilingi 200,000 ili jarida "lijitegemee". Mimi nasita, ila sina hesabu ya kumwonyesha. – Mhariri, Dodoma

JIBU: Hesabu ni hii. Makala 20 kwa shilingi 200,000 ni shilingi milioni 4 kwa mwaka, kama wote watalipa na kama hamtakataa makala ya mtu yeyote mnayehitaji fedha yake. Hapo penye "kama" ya pili ndipo pa hatari. Mwandishi anayehitaji makala moja ili apande cheo, na jarida linalohitaji shilingi 200,000 ili litoke, wote wawili wana haraka, na mhakiki mkali anageuka kuwa kikwazo kwa pande zote.

Tuangalie mnahitaji nini hasa. Programu ya kuendeshea jarida, kuanzia kupokea makala hadi kuichapisha, ipo bure: ni OJS, iliyotengenezwa na wanataaluma wa Kanada katika mradi wa Public Knowledge Project, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia. Seva mwombeni mkutubi. Kama maktaba yenu ina hifadhi ya kidijitali, tayari anayo mashine na mtu wa kuitunza. Kitambulisho cha kudumu cha kila makala, kile kiitwacho DOI, hutolewa kupitia Crossref kwa ada ya uanachama na dola moja hivi kwa makala mpya, lakini tangu Januari 2023 taasisi za nchi kadhaa zenye uchumi mdogo, Tanzania ikiwemo, zinaweza kujiunga bila kulipa. Mkitaka kuonekana pamoja na wenzenu wa bara hili, kuna African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na sasa ina makao yake Afrika Kusini.

Kinachobaki ni jasho la watu: mhariri wa lugha, mpanga kurasa, na wewe. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 kuhusu majarida yasiyomtoza mwandishi wala msomaji ulikadiria kwamba duniani yapo kati ya 17,000 na 29,000, mengi yakiwa madogo kama lenu, na mengi kati ya yaliyohojiwa yalitaja gharama zisizofika dola 10,000 kwa mwaka. Udhaifu wake ulikuwa uleule kila mahali: yanabebwa na watu wanaojitolea, na mhariri akistaafu au akihama jarida linalala. Brazil iliushughulikia udhaifu huo kwa fedha za umma, pale mfuko wa utafiti wa jimbo la São Paulo ulipoijenga SciELO mwishoni mwa miaka ya 1990 ili majarida mengi yatumie miundombinu mmoja. Sisi hatuna SciELO yetu, na kwa maoni yangu hilo lingekuwa jambo la maana zaidi kwa COTUL kuliko kuendelea kuongeza vifurushi vya kusoma.

Wasomi wa Kiswahili wana mfano wa karibu. Swahili Forum, linalochapishwa Ujerumani, husomwa na yeyote mwenye intaneti, na mwanafunzi wa Lamu au Bukavu analipata sawa na profesa wa Leipzig. Nyuma yake ipo taasisi inayowalipa mishahara wanaolihariri, na maktaba inayoyahifadhi matoleo.

Ombeni basi kitu hicho. Badala ya kupeleka kwa mkuu wa idara ombi la shilingi milioni 4, mpelekee barua ya ukurasa mmoja yenye maombi matatu: mhariri apunguziwe kozi moja kwa muhula na jambo hilo liandikwe katika mgawo wa kazi, maktaba ikubali kwa maandishi kutunza seva na nakala za akiba, na ofisi ya utafiti imlipe mpanga kurasa kwa kila toleo. Kisha andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa jarida, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba hakuna ada ya kuwasilisha wala ya kuchapisha. DOAJ watalitafuta tamko hilo mtakapoomba kuingizwa, nao waandishi wataacha kuwapigia simu kuuliza namba ya akaunti.